Kuandamana hakuhitaji kibali cha polisi

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi: eti kuandamana bila kibali cha polisi ni kosa, hata mkitembea kimya na matawi mkononi. Si kweli. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana, kwa amani na bila silaha.

Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka mwandalizi ampelekee OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, notisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Ni karatasi yenye jina na anwani yake, tarehe, saa (za mchana, kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni) na njia, tuseme Uhuru Park kupitia Kenyatta Avenue. OCS anaarifiwa, haombwi ruhusa. Lakini anaweza kukataa ikiwa wengine wametangulia kuarifu kuhusu mahali na saa hiyo hiyo.

Wanaochanganyikiwa siwalaumu: hadi 1997 leseni ilihitajika kweli, na wazee wanaikumbuka.

Kwa hivyo usiusambaze ujumbe huo. Fungua Kifungu cha 37 usome mwenyewe. Ni sentensi moja tu.