Mandarini hufa njaa mbele ya chakula

Wiki chache zilizopita, baada ya Isha, alinipigia simu mama mmoja wa Lamu anayeishi hapa Dubai. "Fundi, yule samaki wa marangirangi hataki kula."

"Mama, tumbo lake likoje?"

Akanyamaza kidogo, nadhani akienda kuchungulia. "Limeingia ndani, kama limebanwa na vidole."

Nilijua tatizo kabla sijavaa viatu. Katika kazi hii ya kutunza matangi ya maji ya chumvi majumbani, samaki wa aina hii, mandarini, niliowaona wakifa kwa maradhi ni wa kuhesabu. Waliobaki wote waliuawa na njaa, tena ndani ya matangi yanayotiwa chakula asubuhi na jioni.

Kwa jina la kitaalamu anaitwa Synchiropus splendidus. Ni mdogo, sentimita 6 hadi 8 tu. Kwao ni magharibi mwa Pasifiki, kuanzia visiwa vya Ryukyu kule Japani, kupitia Ufilipino na Indonesia hadi Australia, kwa hiyo usimtafute kwenye miamba ya Watamu wala Mafia. Bluu yake ni rangi kwelikweli. Samaki wengi huonekana bluu kwa sababu ngozi yao hurudisha mwanga kwa namna fulani, lakini huyu ana seli zilizobeba rangi ya bluu yenyewe, jambo adimu sana kwa wanyama. Hana magamba. Mwili wake umefunikwa na ute mzito, mchungu, wenye harufu mbaya, na ute huo humkinga kwa kiasi na ugonjwa wa madoa meupe unaowasumbua wenzake.

Ukitaka kumwelewa, vuta kiti umtazame akiwinda. Hutambaa juu ya jiwe kwa mapezi ya chini kama anayetembea kwa vidole. Husimama. Jicho moja huzunguka, kisha la pili, halafu kichwa huinama kuelekea mahali ambapo wewe huoni kitu. Mdomo hufyatuka mbele kama mrija, hudonoa mara moja, na kurudi. Anasogea sentimita mbili, anasimama tena. Hivyo ndivyo anavyoshinda, tangu taa ziwake hadi zizimwe.

Anachodonoa hasa ni kopepodi, vidudu vya jamii ya kamba ambao wengi wao hawafiki hata milimita moja. Hula pia minyoo midogo, vikonokono na mayai ya samaki. Chakula kikavu kinachoelea juu kwake si chakula, na hata akikitambua, wenzake wepesi wamekwisha kukimaliza kabla hajafika. Watu humwita mkaidi, na neno hilo huniuma. Ameumbwa kula kidogo kidogo siku nzima, na sisi tunamtilia mara mbili tukidhani tumemlisha.

Kwa hiyo mimi humwambia kila mteja: fuga kopepodi kwanza, samaki atafuata. Tangi lisipungue lita 200, liwe na mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake) mengi yenye matundu na mapango, na liwe limekaa angalau miezi 6 tangu lijazwe. Mimi hupenda 9. Kipimo changu ni tochi. Zima taa zote, subiri saa moja, kisha mulika kioo kwa upande. Ukiona vidoa vyeupe kama chembe za unga vikirukaruka na kukimbia mwanga, una kopepodi. Kioo kikiwa kitupu usiku tatu mfululizo, usimlete mandarini.

Tangi likiwa na sampu, yaani tangi dogo la kuchujia maji, chini ya kabati, tenga sehemu moja, weka fundo la mwani ule wa nyuzi ngumu uitwao keto, uuwashie taa usiku. Huko kopepodi huzaliana bila kuwindwa, na pampu huwapandisha wachache wachache kila siku. Chupa za kopepodi hai zinazouzwa ni mbegu ya shamba, si mlo: mandarini mmoja ataisafisha chupa kwa siku chache. Zimwage usiku, pampu zikiwa zimezimwa, moja kwa moja juu ya mawe, ili wapate pa kujificha kabla hakujapambazuka.

Angalia pia majirani. Yule samaki mdogo wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ni mzuri wa sura lakini hudonoa kopepodi haohao, tena kwa kasi. Madume mawili ya mandarini usiwaweke pamoja, watapigana vibaya. Dume utamjua kwa mwiba mrefu uliosimama mbele ya pezi la mgongoni. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Kwa sisi wa Ghuba, kiangazi bila mashine ya kupoza maji ni hatari.

Dukani, omba alishwe mbele yako. Mtazame kutoka juu: mgongo nyuma ya kichwa uwe umejaa, tumbo liwe duara. Kama wapo waliozaliwa kwenye matangi, lipa zaidi uchukue hao, kwani wengi wamekwisha kuzoea chakula kilichogandishwa.

Nirudi kwa yule mama. Tangi lake lilikuwa na miezi miwili tu, mawe bado meupe kama chokaa. Duka lilimwambia samaki huyu "hula chochote." Tulimweka ndani ya kisanduku cha wavu humohumo tangini, asishindane na mtu. Kila jioni nilimwonyesha mama kuangua artemia, vidudu vidogo vya maji ya chumvi: lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi, kijiko kidogo cha mayai, hewa ikibubujika usiku kucha. Kesho yake vifaranga vya rangi ya chungwa wako tayari, na sharti waliwe mapema kabla akiba ya kiini haijawaishia mwilini. Alimpa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Siku ya tatu samaki alidonoa. Wiki ya pili tukachanganya na mayai ya samaki yaliyogandishwa, tukaongeza kidogo kila siku.

Sasa ametoka kisandukuni. Tumelaza chupa ndogo ya kioo kwenye kona, mdomo wake unamtosha yeye lakini wakubwa hawapenyi. Chakula humiminwa mle kwa mrija, naye amejifunza kungoja mlangoni. Kopepodi wa mbegu tumewamwaga mara tatu, na mawe yameanza kuota rangi ya zambarau.

Jana usiku mama alinitumia video ya tochi kwenye kioo. Nilihesabu vidoa kumi na moja. Bado ni vichache, kwa hiyo artemia inaendelea, na Jumamosi nampelekea fundo jingine la mwani.