Mwekezaji akijenga sio bure

Vijiweni hapa Dar utasikia "serikali imwachie mwekezaji ajenge madaraja na mitambo ya umeme, sisi hatutoi hata mia". Jamani, mwekezaji anatanguliza hela tu, lazima zirudi na faida juu, ama mtumiaji analipa au serikali inalipa kwa kodi zetu, basi. Cheki IPTL ya Tegeta, kampuni binafsi ya kufua umeme, mkataba wa 1995, megawati 100, TANESCO (shirika la umeme la serikali) ilitakiwa ilipie mtambo kuwepo tayari hata kama umezimwa, umeme wenyewe unalipiwa kando (hapo ndo wengi hawaamini). Daraja la Kigamboni nalo ni asilimia 60 NSSF (mfuko wa umma wa hifadhi ya jamii), 40 serikali, yaani sio hata sekta binafsi, na bado kuvuka na gari unalipia. Uzuri upo lakini, kazi inaanza bila kusubiri bajeti, na mkataba ukiandikwa vizuri hasara ya ujenzi kuchelewa inabaki kwake mwekezaji.