Commer TS3: injini isiyo na hedi na mambo inayosingiziwa

Mwaka 1954 kampuni ya Rootes ya Uingereza ilianza kuuza malori ya Commer yenye injini ambayo mpaka leo huwasumbua hata mafundi wazoefu. Jina lake ni TS3, na ilitengenezwa Maidstone, Kent, katika kiwanda cha Tilling-Stevens, kampuni ambayo Rootes ilikuwa imeinunua mwaka 1950. Ina silinda tatu zilizolala, na ndani ya kila silinda mna pistoni mbili zinazotazamana. Zikisogeleana hubana hewa katikati yao. Dizeli hupulizwa hapo hapo, mlipuko unazitenganisha. Kila pistoni husukuma roka (wenzo unaobembea) iliyo ubavuni, na roka hizo zote huteremsha nguvu kwenye krankshafti moja iliyo chini, ile shafti kuu inayozunguka. Hakuna valvu wala hedi, kile kifuniko cha silinda.

Malori haya sasa ni adimu, na waliobaki nayo wengi wako Uingereza, Australia na New Zealand. Ninayapenda kwa dhati, na huniuma kuona lori lililodumu miaka sitini likiharibiwa kwa wiki moja na mtu mwenye nia njema aliyeisoma TS3 kama injini nyingine.

"Ni tu-stroki, basi changanya oili na mafuta"

Hili nalielewa linakotoka, maana ufundi nilianzia kwenye mashine za boti. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, mvuvi mwenye mashine ya zamani ya mapigo mawili anajua kuchanganya oili na petroli. Mchanganyiko ule hupita chini, kwenye chumba cha krankshafti, ukilainisha beringi njiani kabla ya kupanda kwenye silinda. Usipochanganya, mashine inakwama baharini.

TS3 pia ni ya mapigo mawili, lakini ina sampu yake (chombo cha oili chini ya injini) na pampu ya oili kama lori lolote. Oili ukiitia kwenye dizeli haifiki kwenye beringi hata moja. Inaungua vibaya, inaacha masizi, na masizi ndiyo adui mkubwa wa injini hii, kama nitakavyoeleza.

Kwa sababu chumba cha chini kimejaa oili, hakiwezi kutumika kusukuma hewa kama kwenye boti. Ndipo inapoingia bloa, mashine ya kupuliza hewa. Wengi huiita turbo na kudhani ikifa lori litapungua nguvu tu. Turbo huzungushwa na moshi. Bloa ya TS3 huzungushwa na injini yenyewe, na ndiyo inayoingiza hewa safi kwenye silinda na kuufukuza moshi kwa upande wa pili. Injini hii haina uwezo wa kujivutia hewa. Bloa ikisimama, na injini imekwisha safari. Hivyo lori likikataa kuwaka ilhali dizeli inafika, kabla hujaigusa pampu hakikisha bloa inazunguka na chujio la hewa halijaziba.

"Inachemsha, kwa hiyo gasketi ya hedi imeungua"

Haina hedi, kwa hiyo haina gasketi yake. Tafuta kwenye rejeta, pampu ya maji, mipira na themostati. Ukiona mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma, moshi unapenya kwenye maji kupitia ufa au mahali pa kuzibia palipochoka, na hapo silinda yenyewe ndiyo ya kukaguliwa.

"Injini ndogo hivi haiwezi kuvuta"

Ujazo wake ni lita 3.26 tu, na nguvu zake ni farasi 105. Injini ya malori ya Leyland 0.600 ya zama zile, yenye lita 9.8, ilitoa farasi 125. Siri ni kwamba kila silinda hulipuka kila mzunguko. Trekta la Massey Ferguson 135 nalo lina silinda tatu, lakini za mapigo manne, kwa hiyo katika mizunguko miwili linapata milipuko mitatu. TS3 inapata sita. Ndiyo sababu ukiisikiliza ikipita unaweza kuapa kwamba chini mna silinda sita, na ukiambiwa ina pistoni sita unaona umethibitisha. Silinda ni tatu.

Mlio huo ulikuwa mkali kiasi kwamba New Zealand na Australia waliliita lori hilo "Knocker", yaani linalogonga. Wapo wanaofungua injini nzima wakitafuta ugonjwa uliomo kwenye jina. Mlio mkali unaopanda na kushuka sawasawa na mwendo ni wa kawaida. Usio wa kawaida ni mlio wa kugonga unaosikika injini ikiwa imetulia na kubadilika unapozima silinda moja. Legeza nati ya bomba la nozeli (kipulizia dizeli), moja baada ya nyingine, ukiweka mikono mbali na dizeli inayoruka. Mlio huo ukinyamaza au kupungua kwenye silinda fulani, hapo kagua pini na bushi za roka za silinda hiyo.

"Lori la kale lisichoshwe, liwashe dakika kumi kila wiki"

Hapa ndipo injini nyingi nzuri huumizwa kwa upendo. TS3 hutoa moshi kupitia matundu yaliyochongwa kwenye ukuta wa silinda, ambayo pistoni huyafunua na kuyafunika. Injini ikinguruma baridi bila mzigo, dizeli haiungui yote. Masizi yenye unyevu hujijenga kwenye matundu, kisha kwenye eksozi na silensa. Njia ya moshi inapokuwa nyembamba, hewa safi nayo haiingii ya kutosha, na lori linaishiwa nguvu mlimani.

Fundi asiyeijua anaongeza dizeli kwenye pampu. Moshi unakuwa mweusi, masizi yanaongezeka, na nguvu zinazidi kupotea.

Anza kwenye matundu. Fungua manifoldi ya eksozi, zungusha injini kwa mkono, uangalie. Ukikwangua, hakikisha pistoni imelifunika tundu ili uchafu usidondoke ndani, na tumia kijiti cha mbao kigumu, kwani bisibisi huchubua ringi na pistoni. Baada ya hapo liendeshe. Litie mzigo, lipandishe mlima, lipate joto lake kamili. Kama huna nafasi ya kuliendesha, bora liachwe limezimwa kuliko kuwashwa kwa ajili ya kusikiliza mlio.

Jambo jingine watu hulikataa mpaka walione: dizeli za mapigo mawili zinaweza kuwaka kinyumenyume. Injini inakaribia kuzimika mlimani, lori linarudi nyuma likiwa na gia, na ghafla injini inazunguka upande usio wake. Dalili ni moshi kutoka kwenye chujio la hewa, geji ya oili kushuka hadi sifuri, na gia ya kwanza kukurudisha nyuma. Zima papo hapo, maana pampu ya oili nayo inazunguka kinyume na beringi zinakauka.

"Limelala miaka ishirini? Tia betri, lipige starti tuone"

Hapana. Mwaga dizeli ya zamani, toa nozeli, tia oili nyepesi kwenye silinda, ziache zilowe, kisha zungusha kwa mkono hadi ihisike laini. Halafu fungua kifuniko cha pampu ya dizeli na ujaribu reki, ule ufito unaopima kiasi cha mafuta. Kwenye injini iliyolala hukwama mara nyingi. Ikiwa imekwama mahali pa mafuta mengi, injini itawaka na kupaa bila breki, na kuzima ufunguo hakutasaidia kitu. Hata reki ikiwa nzima, sili za bloa zilizokufa zinaweza kuilisha injini oili yake yenyewe ikaendelea kukimbia.

Dawa ni kuinyima hewa. Toa bomba la chujio kabla ya starti ya kwanza, na mtu mmoja asimame hapo na kipande cha mbao bapa kinachoziba mdomo wote. Si mkono, si kitambaa, vyote vitavutwa ndani. Asiondoke hapo mpaka umewasha na kuzima mara kadhaa, na injini ikatii kila mara.