Kukatisha uigaji wa mtiririko kabla ya muda wake

Vijana wanaoanza kutumia OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko wa maji na hewa kwa kompyuta, huniuliza sana swali hili: nimeweka endTime (muda wa kumaliza uigaji) sekunde 500, kompyuta imekesha siku mbili, na grafu ya ukinzani (nguvu inayosukuma kitu kuelekea mkondo unakokwenda) imelala. Nizime?

Huwa nawaomba wanioneshe kwanza grafu ya nguvu ya kando, ile inayosukuma kitu kulia au kushoto mwa mkondo.

Chukua nguzo ya mviringo iliyosimama kwenye mkondo wa kimiminika kizito kuliko maji, kipenyo mita 1, kasi mita 1 kwa sekunde, namba ya Reynolds (uwiano wa msukumo wa mkondo na mnato wake) 100. Mwanzoni kimiminika hupita kulia na kushoto sawasawa, na nyuma ya nguzo hukaa vizingia (viduara vya kimiminika kinachozunguka) viwili vinavyofanana kama pacha. Kigezo cha ukinzani hushuka na kutulia karibu na 1.06. Mstari umenyooka, na hapo ndipo wengi huzima.

Utulivu huo haudumu. Namba ya Reynolds ikishavuka takriban 47, kosa dogo kabisa la ukokotoaji, hata la tarakimu ya mwisho, huanza kukua. Sogeza jicho kwenye nguvu ya kando: si sifuri. Inayumba kwa 0.0001, baadaye 0.001, baadaye 0.01. Meshi yako, yaani wavu wa vijisehemu vya kukokotolea, ikiwa na ulinganifu mzuri, subira huwa ndefu zaidi. Kisha vizingia huanza kuachia kwa zamu, kimoja kulia, kimoja kushoto, na ukinzani hupanda hadi karibu 1.34. Aliyezima mapema amepata jibu pungufu kwa asilimia 20 hivi, na grafu yake haimwambii kitu! Ndiyo maana nasisitiza: chora vilele vya nguvu ya kando kwenye skeli ya logi, ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Vikiwa bado vinapanda, usiguse.

Vilele vikishalingana kimo, hesabu mizunguko; mzunguko mmoja ni kizingia kimoja kulia na kimoja kushoto. Kwa nguzo hii namba ya Strouhal, inayopima kasi ya kuachia huko, ni kama 0.165, yaani mzunguko mmoja huchukua sekunde 6 hivi. Mimi hukusanya 10, kisha nalinganisha wastani wa mitano ya kwanza na wa mitano ya mwisho. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 1, nasimamisha, hata kama ndiyo kwanza tumefika sekunde 200. Iwe mizunguko mizima. Kipande cha mzunguko huvuruga wastani.

Namna ya kusimamisha nayo ina uzito. Ukitumia kill -9, amri ya kuua programu ghafla, kazi yote iliyofanyika tangu programu ilipohifadhi mara ya mwisho inapotea. Fungua faili la mipangilio la system/controlDict, badilisha stopAt kutoka endTime iwe writeNow, hifadhi. Kama runTimeModifiable ni yes, programu itasoma badiliko hilo, itamaliza hatua iliyomo, itaandika matokeo, ndipo itoke. Ukitaka matokeo yaishie kwenye vipindi vyako vya kawaida vya kuhifadhi, weka nextWrite. Siku ukirudi kuendelea, rudisha stopAt iwe endTime kwanza, la sivyo itatoka tena papo hapo.

Hali moja tu sisubiri mizunguko: namba ya Courant (inayopima mkondo unavuka vijisehemu vingapi vya meshi kwa hatua moja ya muda) inaporuka, au hatua ya muda inaposinyaa hadi sehemu za bilioni ya sekunde. Hapo hesabu imeshapasuka. Weka noWriteNow, ambayo husimamisha bila kuhifadhi, kwa sababu writeNow itahifadhi namba zilizoharibika, na ukianza upya kwa latestTime, yaani kutoka matokeo ya mwisho yaliyohifadhiwa, utaanzia humo humo.