Kamera ya Studio Pepe Haipimwi Ikiwa Imetulia

Katika studio pepe, mtangazaji amesimama mbele ya ukuta wa kijani, na jengo linaloonekana nyuma yake limo ndani ya kompyuta tu. Kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya video, kifaa cha ufuatiliaji huiarifu kompyuta kamera iko wapi na inatazama upande gani, ili jengo lile lisogee sawasawa na sakafu ya kweli. Mafundi hurithishana maneno mengi kuhusu kupanga kamera hiyo, na baadhi yake yanaharibu kazi.

Dhana yenye madhara kuliko zote: picha ikikaa vizuri kamera ikiwa imetulia, kazi imekwisha.

Hapana. Kamera ikitulia, kosa moja hulificha jingine. Iambie kompyuta kwamba lenzi ni ya milimita 55 ilhali ni 50, kisha irudishe kamera pepe, ile ya ndani ya kompyuta, nyuma kidogo: alama ya sakafuni itaangukia palepale na utaridhika. Kamera ya kweli ikisogea hatua mbili kushoto, jengo linaanza kuelea. Ndiyo maana njia ya kupima lenzi aliyoichapisha mtafiti Zhengyou Zhang mwaka 2000, inayotumika sana hadi leo, hutaka ubao wa miraba upigwe picha ukiwa umeinamishwa pande tofauti. Ubao unaotazamana na lenzi uso kwa uso hautofautishi lenzi ndefu iliyo mbali na lenzi fupi iliyo karibu, hata ukiupiga picha 30. Upeleke pia hadi kwenye pembe za fremu, maana huko ndiko lenzi inakopinda mistari zaidi.

"Namba iliyoandikwa kwenye lenzi inatosha." Hiyo ni namba ya makadirio, tena ya fokasi ikiwa mbali kabisa. Lenzi nyingi zikivutwa fokasi karibu, upana wa picha hubadilika. Kamera nayo ikibadilishiwa mpangilio wa kurekodi inaweza kutumia kipande tu cha sensa, yaani kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera. Lenzi ya zumu ipimwe kwenye vituo vingi vya zumu na fokasi, si miisho miwili peke yake.

Kompyuta huhitaji pia kujua kamera iko umbali gani na kifaa cha ufuatiliaji, na wengine hupima kutoka kifaa hicho hadi alama ya sensa iliyo ubavuni mwa kamera. Alama ile ni ya kupimia fokasi. Mtazamo wa picha huanzia kwenye tundu la lenzi kama unavyoliona ukichungulia kwa mbele, na kwenye lenzi ya zumu tundu hilo huhamahama. Kulitafuta ni rahisi: panga stendi mbili katika mstari mmoja, moja karibu, nyingine mbali, kisha geuza kamera kushoto na kulia. Zikiachana, isogeze kamera mbele au nyuma juu ya kichwa cha tripodi hadi zisiachane tena. Hapo tundu limekaa juu ya mhimili ambao kamera inauzunguka, na sasa unajua pa kupimia.

Kuhusu pembe ambayo kamera inatazama, nasikia mara kwa mara kwamba sehemu ya kumi ya digrii haionekani. Kwa lenzi ya milimita 50 na sensa yenye upana wa milimita 36, kwenye picha ya pikseli 1920, hiyo ni karibu pikseli 5. Miguu ya mtangazaji itaonekana haikukanyaga sakafu.

"Mandhari pepe ikiteleza, kifaa cha ufuatiliaji ni kibovu." Mara nyingi tatizo ni muda. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kamera ikigeuka digrii 30 kwa sekunde, kuchelewa fremu moja tu ni digrii 1.2, yaani zaidi ya pikseli 50 kwa lenzi ileile. Dalili yake ni kwamba kamera ikisimama, mandhari hurudi mahali pake. Hakikisha kwanza vifaa vyote vinafuata mapigo ya saa ileile. Mandhari ikitangulia, chelewesha data ya ufuatiliaji. Ikibaki nyuma, chelewesha picha ya kamera pamoja na sauti, la sivyo midomo na maneno vitaachana.

Wala hakuna kupanga mara moja kwa mwaka. Kabla ya kipindi weka koni pepe juu ya alama tatu za kweli: karibu, mbali na pembeni. Geuza kamera, inamisha, sogeza. Koni ya karibu ikihama zaidi kuliko ya mbali kamera inapogeuka, rudia kipimo cha tundu la lenzi. Zikihama pembezoni mwa picha tu, rudia kipimo cha mpindo wa lenzi. Zikihama zote kwa kiasi kilekile, kagua skrubu za bamba linaloshikilia kifaa.