Miungano ya vyuo vikuu Ulaya si kubadilishana wanafunzi tu

Ukitaja miungano ya vyuo vikuu vya Ulaya, wengi hudhani ni Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kwa jina jipya: mwanafunzi wa Madrid anakwenda Bologna muhula mmoja, anapiga picha, anarudi. Wengine wanaamini vyuo vinaunganishwa viwe kimoja. Yote mawili si kweli.

Wazo la miungano hii lilipata msukumo katika hotuba ya Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, pale chuo cha Sorbonne, Paris, Septemba 2017. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukachagua miungano 17 ya kwanza. Leo imepita 60. Kila chuo kimebaki na mkuu wake, bajeti yake na sheria za nchi yake.

Kinachosafiri zaidi ni namna ya kufundisha. Chukua ECIU, mmoja wa miungano hiyo, ambamo kinashiriki Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Huko mji au kampuni huleta tatizo halisi, na wanafunzi wa fani na nchi tofauti wanaunda timu kulitafutia ufumbuzi, mwalimu akiwa mlezi wa timu badala ya mhadhiri jukwaani. Pia kuna kozi fupi za mseto: sehemu mtandaoni, kisha kukutana ana kwa ana kati ya siku 5 na 30, vyuo visivyopungua 3 kutoka nchi 3.

Wala si klabu ya Wazungu peke yao: muungano wa CIVIS una washirika Afrika, Makerere kikiwamo. Ugumu ni makaratasi. Shahada ya pamoja, yaani inayotolewa na vyuo kadhaa kwa pamoja, bado inagongana na sheria za ithibati za kila nchi, na hapo ndipo kasi inapofia.