Mitishamba ya Kichina nayo ina madhara

Wagonjwa wengi wanaotumia dawa za asili za Kichina huamini kwamba haziwezi kudhuru kwa kuwa ni mimea. Si kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake wapatao 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene ambavyo mmea wake mmoja ulibadilishwa kimakosa na Aristolochia, wenye sumu. Baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Danshen, mmea mwingine wa dawa za Kichina, nayo huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata mgonjwa akaweza kuvuja damu. Kinachonisikitisha zaidi ni ukimya: wengi hawamwambii daktari wanachotumia nyumbani, wakidhani mitishamba haihesabiki kuwa dawa. Mwambie, tena umpelekee pakiti yenyewe.